Gari Likienda Upande, Chunguza Nyuma Kwanza

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo tuliikumbuka mjini Koboko, tulipochuchumaa kando ya Land Rover kuukuu ya mstaafu mmoja wa polisi, tukitazama matairi mawili ya mbele yaliyoliwa kingo kabla ya kutimiza miezi mitatu.

Gari hilo ni la aina ya Series III, toleo lililoundwa tangu mwaka 1971 hadi 1985, lenye chasisi ndefu ya inchi 109. Tulilipanda kutoka Arua, safari ya takriban kilomita 55 kupitia Maracha. Njia nzima dereva aliushikilia usukani ukiwa umepinda kidogo kushoto ndipo gari linyooke. Alipoulegeza, gari lilivuta kulia. Dereva huyo ni mpwa wa mstaafu. Alikuwa ameambiwa kwamba ameligongesha gari mtaroni na kuficha, na kwamba gharama ya matairi itakatwa katika ujira wake.

"Mjomba, mimi sikugonga kitu," alisema.

Mjomba hakujibu. Na sisi, tukiri bila kuficha, tulimshuku kijana huyo.

Gereji moja ilikuwa imekwisha litengeneza gari hilo mara mbili, na kila mara ilishughulikia magurudumu ya mbele peke yake. Wasomaji wetu wengi, askari na polisi, wangefanya vivyo hivyo, kwa kuwa usukani uko mbele, na macho ya mtu huenda palipo na dalili. Lakini gari husukumwa kuelekea kule ekseli ya nyuma inakoelekea. Ekseli hiyo ikikaa mshazari, gari zima huenda upande mfano wa kaa, na dereva hulazimika kupinda usukani ili kulirudisha njiani.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji chombo chochote. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko na Oraba ilikuwa ya murramu kwa miaka mingi, hadi ilipotiwa lami katika muongo wa 2010. Lami haionyeshi nyayo. Basi tulitafuta kijia cha udongo chenye unyevu baada ya mvua, tukaliendesha gari polepole, moja kwa moja, kwa hatua 30. Katika Land Rover hii upana baina ya magurudumu ya mbele ni sawa na ule wa nyuma, kwa hiyo nyayo za nyuma hupaswa kukanyaga juu ya zile za mbele. Hazikufanya hivyo. Zilitokeza upande wa kushoto kwa upana wa kidole gumba.

Uchunguzi wa pili ulihitaji timazi, chaki na utepe wa kupimia. Tuliliegesha gari juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooshwa, tukashusha timazi kutoka katikati ya kila gurudumu na kutia alama chini. Upande wa kulia, umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ulilingana na zile inchi 109, yaani milimita 2,769. Upande wa kushoto ulizidi kwa milimita 10. Mtu atasema milimita 10 ni kitu gani? Kwa gari la urefu huo, zatosha kuzipeleka nyayo za nyuma kando kwa milimita 21 hivi. Kisha tukapima chasisi kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Vipimo viwili vikawa sawa. Chasisi haikupinda, wala rimu hazikuwa na alama ya kugonga.

Hapo ndipo tulipoingia chini ya gari. Ekseli ya nyuma ya Land Rover hiyo ni ya kipande kimoja kigumu, na haina skrubu ya kurekebishia mwelekeo wa magurudumu. Ikienda mshazari, jua kuna kitu kilichopinda, kilichokatika au kilichohama. Inakalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kushikwa na senta bolti. Kichwa cha bolti hiyo huingia katika tundu la kikalio cha ekseli, na yu-bolti huvibana vyote pamoja. Upande wa kushoto, nati za yu-bolti zilizunguka kwa vidole. Senta bolti ilikuwa imekatika, na mahali ilipokatikia palikuwa na kutu ya zamani. Kila breki zilipofungwa, ekseli ilisogea nyuma kidogo.

Springi hizo zilifungwa upya kabla kijana hajakabidhiwa ufunguo, na baada ya hapo hakuna aliyezikaza tena nati. Matairi nayo yaliuawa na dawa. Ili kuunyoosha usukani, fundi alikuwa amezungusha fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, akayaharibu yaliyokuwa mazima.

Matengenezo yalichukua nusu siku. Tuliyazuia magurudumu ya mbele kwa magogo, tukaiegemeza chasisi juu ya vigingi imara, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye chini ya gari. Tulitia senta bolti mpya, tukahakikisha tundu la kikalio halijapanuka, tukafunga yu-bolti mpya na kukaza nati zake kwa kupokezana, mshazari, kidogo kidogo. Bolti za bushi zilikazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ndipo tukapima tena: kushoto na kulia sawa. Magurudumu ya mbele yalirekebishwa baada ya hayo yote. Baada ya safari ya kwanza ya Arua, nati zilikazwa mara ya pili.

Ndugu askari, gari liendalo upande huchukua nafasi kubwa zaidi barabarani, na ekseli iliyolegea yaweza kuhama ghafula siku breki zitakapofungwa kwa nguvu. Nawe ndugu polisi, ukaguapo gari kama hilo, tazama nati za nyuma kabla hujaandika kosa la dereva.

Jioni ile mstaafu alimwita mpwa wake, akamrudishia ufunguo mbele yetu.

"Mwanangu, nilikuhukumu kabla ya kupima," alisema.

Sisi pia tulimwomba radhi. Deni la matairi likafutwa.