Tumbo Limejaa, Ini Lina Kazi

Mchuuzi wa samaki pale Mwigobero, Musoma, akishampara sato na kutupa matumbo, mnunuzi huondoka na imani kwamba uchafu umebaki mwaloni. Kwa chembe ndogo za plastiki, imani hiyo ni ya nusu tu.

Mwaka 2016 watafiti wa Tanzania na Denmark, wakiwemo Florence Biginagwa na Bahati Mayoma, walichapisha ushahidi wa kwanza wa chembe hizo katika samaki wa Ziwa Victoria. Walinunua sangara 20 na sato 20 jijini Mwanza, wakachunguza matumbo yao. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki. Wavuvi wa Mwanza na wa Mara, mkoa ilipo Musoma, wanavua ziwa hilo moja.

Mwaka huohuo, watafiti wa China waliwaweka vijisamaki wenye mistari kama pundamilia kwenye maji yenye chembe. Zile za mikroni 20 ziliishia kwenye matamvua na utumbo. Za mikroni 5 zilipenya hadi kwenye ini, nalo likapata uvimbe na kujikusanyia mafuta. Mwaka 2017 ikaja zamu ya panya: ini lao lilipungukiwa na nishati, na mpangilio wa mafuta mwilini ukavurugika. Mapema zaidi, mwaka 2013, watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba minyoo wa pwani wanaoishi kwenye mchanga wenye plastiki hupoteza hadi nusu ya akiba yao ya nishati. Ni kweli, majaribio ya maabara mara nyingi hutumia chembe nyingi kuliko zilizomo majini. Lakini samaki wa ziwani hamezi kwa wiki chache tu. Humeza maisha yake yote.

Ndiyo maana dagaa wananisumbua kuliko sangara. Sangara hutolewa matumbo. Dagaa huliwa mzimamzima, na utumbo na ini lake, na anayebaki husagwa kuwa chakula cha kuku.

Nchi kavu, balaa hilo huonekana kwa macho. Ng'ombe au mbuzi anayezurura kwenye majalala ya Bunda au Butiama humeza mfuko wenye ladha ya chumvi au mabaki ya ugali. Mfuko haucheuliki wala hauyeyuki. Hujisokota na mingine tumboni hadi kuwa fundo. Ng'ombe hulishwa na vijidudu vinavyochachua majani tumboni mwake na kutoa asidi ambazo mwili huzigeuza kuwa nguvu, maziwa na nyama. Fundo likishika nafasi, majani yanayochachuliwa hupungua. Mnyama hukonda huku tumbo limejaa, na mfugaji humwita mganga wa mifugo akidhani ni minyoo.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 ilisaidia sana, nami naiunga mkono bila kusita. Ila vifungashio laini vimerudi kubebea nyanya na dagaa, na nyavu za plastiki ziitwazo timba, zilizopigwa marufuku, zinapochakaa huachwa ufukweni zikatike vipandevipande kwa jua na mawimbi. Kila mwalo, kuanzia Musoma hadi Bunda, upewe mahali pa kukusanyia nyavu chakavu, na halmashauri izichukue kabla ya mvua. Nayo Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), inapopima samaki wa Mara, ianze na dagaa, na isiishie kwenye utumbo: ipime ini na mafuta.