Dawa iliyobaki si sadaka, irudishwe ilikotoka



Ndugu msomaji, safu yetu ya afya na usafi leo inaingia mahali ambapo mgeni hafiki, nako ni kwenye kopo la dawa. Hapa Kizwite ni nadra kukuta nyumba isiyo nalo. Kwa wengine ni kopo la maziwa ya unga lililowekwa juu ya kabati, kwa wengine ni mfuko uliofungwa fundo na kusukumwa chini ya godoro. Ukilimwaga mkekani utakuta vidonge viwili vya rangi mbili, nusu dozi ya mseto, chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la tatu, na bahasha ndogo isiyo na jina iliyoandikwa 1x3 tu. Nimewahi kuona hata klorokwini, dawa ambayo Tanzania iliiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vilikwisha izoea.

Sababu za kuweka akiba zinaeleweka. Dawa ni fedha. Tena sisi wa huku juu Ufipa, kwenye baridi, hatuachi kuteremka Bonde la Ziwa Rukwa, Muze na Mtowisa, au Kasanga kule Tanganyika, na mbu wa huko wanafahamika. Basi mtu akipata nafuu siku ya pili anaficha vidonge vilivyobaki, "vya safari". Mwingine ana nia njema zaidi, anamwekea jirani.

Miaka michache iliyopita, nikiwa zamu ya usiku, aliletwa mtoto wa kama miaka mitatu baada ya swala ya Isha. Alikuwa amelegea, anatoka jasho jingi, haitiki akiitwa. Waliomleta walisema ni malaria. Tulipopima sukari tukaikuta iko chini mno. Nikauliza kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari. Bibi yake akajibu kwamba alikuwepo babu, amefariki, na hitma ilikuwa imesomwa wiki iliyopita. Vidonge vyake vya kushusha sukari vilibaki dirishani. Nguo za marehemu zilikuwa zimegawiwa na madeni yake yameulizwa msikitini, lakini dawa hakuna aliyezikumbuka, isipokuwa mjukuu aliyedhani ni peremende.

Tulimwekea maji ya glukosi, akazinduka. Kabla ya alfajiri sukari ikashuka tena, kwa maana dawa za aina ile hukaa mwilini saa nyingi, na kidonge kimoja tu chaweza kumwangusha mtoto mdogo. Adhuhuri alikunywa uji. Alhamdulillah. Tangu hapo, nikienda kuhani, nikipata nafasi humwuliza mmoja wa wafiwa: dawa za marehemu ziko wapi?

Sasa tuje kwenye hili la kumpa jirani, ambalo wengi tunalihesabu kuwa ni sadaka. Tulisoma madrasa, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba anayetibu watu hali hajulikani kuwa na ujuzi wa tiba, yeye ndiye mwenye dhamana ya madhara yatakayotokea. Mama anayemkabidhi jirani vidonge vitano vya amoksilini kwa ajili ya mafua anatibu, hata kama mwenyewe anaona anasaidia tu. Hajui kama mwenzake ana mzio na dawa hiyo, kama ana mimba, au kama figo zake ni nzima. Mafua yenyewe ni ya virusi, hayatibiwi kwa amoksilini. Na vidonge vitano si dozi. Vinaua vijidudu dhaifu na kuacha vile sugu, navyo huendelea kuambukiza walio karibu. Wanaofungua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda wanafanya jambo hilo hilo, na kidonda wanakichafua.

Jambo hili limewahi kutokea kwa kiasi cha kutisha. Katika vita vya Bosnia, kati ya 1992 na 1995, watu waliwaonea huruma Waislamu wa kule na dawa zikamiminika kutoka nchi nyingi. Nyingi ziliokoa maisha. Lakini tathmini iliyochapishwa mwaka 1997 katika jarida moja la kitabibu la Marekani ilikadiria kwamba hadi katikati ya 1996 zilikuwa zimeingia tani zipatazo 17,000 za dawa zisizofaa, zikiwemo zilizopitwa na wakati na mabaki ya watu. Nchi iliyotoka vitani ikabebeshwa kazi ya kuziteketeza. Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo mwaka 1996 kuwa dawa iliyokwisha kabidhiwa mgonjwa kisha ikarudishwa isitolewe msaada. Ufaransa, ambako maduka ya dawa hukusanya mabaki ya majumbani chini ya mpango wa Cyclamed tangu 1993, nayo iliacha kuyapeleka nchi maskini ilipofika mwisho wa 2008. Sasa yanachomwa kwenye matanuri maalumu.

Kuna atakayeuliza: kutupa dawa nzima si israfu? Swali zuri. Jibu ni kwamba dawa ikishatoka dirisha la dawa hakuna awezaye kuishuhudia. Ilikaa juani? Ilipigwa na moshi wa jikoni? Vidonge vilivyohesabiwa kutoka kopo la elfu moja havina tarehe ya kuisha kwenye bahasha. Tangu miaka ya 1960 iliripotiwa kwamba tetrasaiklini iliyoharibika iliumiza figo za walioimeza. Israfu yenyewe huanza pale tunapoacha dozi katikati. Mseto wa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3, vinne asubuhi na vinne jioni. Ukiwa na 12 kwenye kopo, basi kuna malaria ambayo haikutibiwa sawasawa.

Kwa hiyo dawa zilizobaki zichukue, pamoja na bahasha zake, uzipeleke dirisha la dawa la zahanati, kituo cha afya au hospitali ulikopewa. Kama ulinunua, muulize mtoa dawa wa duka lile kama anaweza kuzipokea. Sema wazi kwamba zimetoka nyumbani, ili zitengwe na dawa za kutumika. Si vibaya ukisubiri uone zinawekwa kwenye boksi la dawa zisizofaa. Kituo hakizitupi jalalani. Huziorodhesha, na uteketezaji hufanyika kwa kibali na usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile tuliyoijua kama TFDA hadi 2019. Usidai kurudishiwa fedha. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi zirudi kliniki zilikotolewa, na kama unaona haya kwa ajili ya sitara ya mgonjwa, zitie kwenye mfuko usioonyesha. Sindano za insulini zitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko.

Kama bado unaumwa, au dawa ilikukera ukaiacha, basi ingia nazo kwa tabibu kwanza. Vidonge 20 vya presha vilivyobaki vinanieleza mengi kuliko mgonjwa anayeitikia "nameza, daktari".

Usizitupe chooni, kwa sababu mashimo yetu hayako mbali na visima. Usizichome jikoni, moshi wake ni sumu. Aliye kijijini, ambaye kituo kiko mbali kweli kweli, azichanganye bila kuzisaga na majivu na udongo wenye maji, azifunge kwenye kopo, azifukie kwenye shimo la taka mbali na kisima na watoto.

Wakati mzuri wa kulishusha kopo ni Shaaban, akina mama wanapofagia nyumba kungojea Ramadhani. Shaaban iliyopita nililishusha la kwangu mimi tabibu, nikakuta matone ya macho yaliyofunguliwa miaka miwili nyuma na vidonge vya maumivu visivyo na bahasha. Mke wangu alicheka sana. Jumatatu yake nikavipeleka dirishani, nikapanga foleni kama wengine.