Shahada ya masoko: tuikague kabla ya kuchanga ada

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu kutoka nyumbani huanza kutufikia huku ughaibuni. Kijana wa Dongobesh, kwetu Mbulu, amefaulu, anataka kusoma shahada ya masoko, na ukoo unaomba mchango. Kuchangia ni wajibu wetu. Ila ada ya miaka mitatu ni fedha nyingi, na jina la chuo pekee halitoshi. Tukague programu yenyewe.

Uhalali

Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kila mwaka tume hutoa mwongozo wa udahili wenye programu zilizoidhinishwa na sifa za kujiunga. Chuo kinaweza kuwa na ithibati huku programu moja ikiwa haimo, kwa hiyo itafuteni kwa jina lake. Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanzishwa mwaka 1965, kiko chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), na shahada yake huandikwa NTA (tuzo ya kitaifa ya ufundi) ngazi ya 8. Msiishuku kwa sababu hiyo. Ni shahada kamili.

Kinachofundishwa

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya biashara yenye mchepuo wa masoko, Mzumbe hutoa ya utawala wa biashara katika usimamizi wa masoko, na CBE ina shahada ya masoko. Majina yanakaribiana, lakini uzito wa masomo hutofautiana. Ombeni orodha ya kozi za miaka yote mitatu. Je, kuna utafiti wa soko, takwimu, upangaji wa bei, usambazaji, masoko ya mtandaoni? Mazao ya kilimo yamo, au mifano yote ni ya benki na kampuni za simu?

Swali hilo la mwisho linatuhusu sana. Mbulu ni miongoni mwa maeneo makubwa ya vitunguu saumu nchini. Mkulima huuza shambani, dalali ndiye anayetaja bei, na gunia hujazwa lumbesa: linaongezwa juu ya mdomo, kisha linashonewa kamba. Kilo hizo za ziada mkulima halipwi. Aliyesomea masoko sawasawa ataanza na mizani, kwa sababu lumbesa inakatazwa kisheria. Atapanga saumu kwa madaraja, atafungasha nusu kilo kwenye nyavu, ataweka lebo na msimbo pau, ambao ukisajiliwa Tanzania huanza na 620, halafu atabisha hodi kwenye maduka makubwa ya Arusha. Programu isiyomfikisha mwanafunzi hapo haijamfundisha soko la kwao.

Mafunzo kwa vitendo

Ulizeni wanafunzi hupelekwa wapi fildi, na nani huwasimamia. Kijana aliyeshinda wiki nane akipanga mafaili hajajifunza kuuza. Aliyekaa na chama cha ushirika au kiwanda cha kusindika mazao atarudi na kitu.

Ndugu zangu, kabla ya kutuma senti, mwombeni kijana vitu vitatu: ukurasa wa mwongozo unaoonyesha programu yake, orodha ya kozi, na maelezo ya fildi. Vikikamilika, changieni kwa moyo mweupe, na ada ya chuo cha umma ilipwe moja kwa moja kwa kumbukumbu namba ya malipo iliyotolewa na chuo.