Betri ya volti 12 haina volti 12

Kwa kijana anayejifunza elektroniki, kifaa cha kupima chaji ya betri ya sola ni kazi nzuri ya kuanzia. Manufaa yake yanaonekana nyumbani: familia inajua mapema kama taa zitafika asubuhi, na betri hainyonywi hadi ikafa. Lakini kazi hii pia inaweza kuunguza bodi siku ya kwanza, na kijana aliyejinyima ili ainunue hastahili kukata tamaa kwa kukosa rezista mbili.

Bodi ya Arduino Uno R3 inatumia chipu ya ATmega328P, ambayo pini zake za analogi husoma volti 0 hadi 5 na kuzigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023. Volti kwenye pini hazitakiwi kupita zile zinazoendesha chipu kwa zaidi ya nusu volti. Bodi ya ESP32 ina nafasi ndogo zaidi, kwa kuwa inaendeshwa na volti 3.3.

Sasa tazama kinachopimwa. Betri inayoitwa ya volti 12 hufika takribani 14.4 inapochajiwa. Paneli inayouzwa kama ya volti 12, isipounganishwa na kitu chochote, hutoa kama 21 au 22 kwenye jua kali. Betri ikichomolewa mchana wakati paneli bado imeunganishwa na chaji kontrola duni, volti hizo zinaweza kupita hadi kwenye nyaya za kipimo. Kwa hiyo hesabu ya kinga ifanywe kwa 22.

Weka rezista ya 47K kati ya chanya ya betri na pini, kisha ya 10K kati ya pini na hasi. Pini itapata sehemu 10 tu kati ya 57. Volti 14.4 zitakuwa 2.5, na 22 zitakuwa 3.9. Kwa ESP32, weka 68K badala ya 47K, na volti 22 zitashuka hadi 2.8. Usikimbilie rezista kubwa mno, kwa sababu ATmega328P husoma vizuri chanzo chenye ukinzani usiozidi 10K. Jozi ya 47K na 10K inatoa kama 8.2K.

Rezista ya juu ina kazi nyingine muhimu. Ndani ya chipu kuna dayodi ndogo zinazoelekeza volti za ziada kwenye njia ya umeme ya bodi, lakini hazifai kupitisha zaidi ya miliampea 1. Tuseme solda imeachia na 10K imetengana na hasi. Volti 22 zote zitaielekea pini, ila 47K itaruhusu kama miliampea 0.35 tu. Hata bodi ikizimwa huku betri ikibaki imeunganishwa, kitakachopenya hakifiki nusu miliampea. Bila rezista hiyo, dayodi zingebeba mzigo wote na kuungua pamoja na chipu.

Waya ukiwa mrefu, ongeza kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na hasi ili kutuliza kelele za umeme, pamoja na dayodi mbili za Schottky nje ya chipu. Wapo wanaopenda zena ya volti 5.1 badala ya dayodi hizo. Kwa Arduino inalinda, lakini huanza kuvujisha umeme kabla ya kufika 5.1, hivyo vipimo vya juu vinaweza kupotoka.

Walimu wa vyuo vya ufundi, fundisheni kinga hii kabla ya mstari wa kwanza wa programu. Nanyi wanafunzi, msichomeke waya kwenye pini kabla ya kuupima kwa mita. Upimeni saa sita mchana jua likiwaka, kwanza betri ikiwepo, kisha ikiwa imetolewa. Mita ikipanda zaidi ya kiwango cha pini, badilisheni rezista kwanza.