Kopo la baruti si mzigo wa kubebeana

MBARARA — Ukipeleka vitenge na maharage kutoka Mutukula hadi Mbarara na masoko ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hukosi kuombwa: "Nibebee na hiki." Hiki kikiwa kopo la baruti la mlenga shabaha, kataa.

Wapo walenga shabaha wanaojijazia risasi, wakipima baruti kwa mizani ndogo kama ya sonara. Hesabu yake inashangaza: kichwa kizito cha bastola ya milimita 9, cha gramu 9.5, hutiwa baruti pungufu kuliko chepesi cha gramu 7.5. Kizito ni kirefu, huzama zaidi ndani ya ganda, tena huchelewa kusogea, na mgandamizo hupanda ghafla. Kwa hiyo hufuata jedwali la mtengenezaji wa baruti hiyohiyo, wakianzia kiwango cha chini. Anayekisia anaweza kupasukiwa na bastola mkononi.

Forodhani hakuna mchezo wa shabaha. Risasi, pamoja na maganda na vichwa vyake, ziko Sura ya 93, ambayo Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaiweka kwenye bidhaa zenye masharti. Cheti rahisi cha uasili, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, hakitakuokoa. Uganda nayo ina Sheria ya Silaha ya 1970: kukutwa na risasi bila cheti ni kosa la jinai. Aliyekuagiza aende polisi mwenyewe kuomba kibali, kabla kopo halijavuka mpaka.