Banda la kuku: pima kwanza, lipa kwa awamu

Hapa Runyenjes, kuku wachache wa kienyeji nyuma ya nyumba wanaweza kusaidia karo. Lakini pesa ya banda ikipotea kabla ya kuku kuingia, hiyo ni hasara tupu. Basi tupige hesabu pamoja.

Kuku 12 watoshee mita 2 kwa 2. Inua sakafu nusu mita kutoka chini, unyevu wa masika usiwafikie. Juu ya kuta weka wavu wa waya, hewa ipite. Upande wa upepo ziba kwa mabanzi, maana Julai huku chini ya Mlima Kenya baridi si mchezo. Viota 3 vya sentimita 30 kwa 30 vinatosha. Usiache tundu, nguchiro hahitaji mlango.

Sasa malipo. Usimtumie fundi pesa zote siku ya kwanza:

- Vifaa: lipa duka mwenyewe kwa namba ya till, mabati na misumari ukiviona.
- Ufundi: gawa mara 3. Fremu ikisimama, paa likiezekwa, mlango ukifungika.
- Jina kwenye skrini: lisome kabla malipo hayajakamilika. Si lenyewe? Sitisha hapo hapo.
- Ujumbe wa malipo: usiufute. Mkibishana, ndio risiti yako.

Ikibaki chenji, iwekee chanjo. Banda zuri humzuia nguchiro, lakini Newcastle haibishi hodi.