Nyumba Tisa za Wakesh

Anayebuni dini ya watu wa kubuni kwa kawaida huanza na miungu: huyu wa radi, yule wa bahari, na kuhani wa kuwasemea. Mwandishi Ursula K. Le Guin alianza na ramani ya mji.

Wakesh wa kitabu chake Always Coming Home (1985) wanaishi wakati ujao, katika bonde la Kaskazini mwa California. Mji wao una mikono miwili iliyojikunja kama nyumba ya konokono, inayokaribiana bila kugusana. Mkono mmoja ni makazi. Mwingine una heyimas tano, majengo matakatifu yaliyozama ardhini, na kati ya mikono hiyo hupita maji. Umbo hilo, heyiya-if, ndilo wanalolifuata pia wakicheza ngoma. Mtoto aliyetumwa maji ameshapita ndani ya imani yake kabla hajafundishwa neno lolote.

Viumbe vyote vina Nyumba. Tano ni za Ardhi, za walio hai pamoja na mifugo na mazao yao; nne ni za Anga, za mvua, upepo, wafu na wasiozaliwa bado. Mtu huirithi Nyumba ya mama. Stone Telling, msichana wa Kikesh ambaye baba yake ni mgeni, huitwa nusu-mtu na watoto wenzake. Kwa tusi hilo moja la watoto tunaielewa imani ya Wakesh kuliko ambavyo tungeielewa kwa mahubiri.

Le Guin alikuwa binti wa Alfred Kroeber, mwanaanthropolojia aliyechunguza Wenyeji wa California, na likizo zake za utotoni alizimalizia katika bonde la Napa. Kwa msomaji wa John Mbiti, aliyeandika mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika dini haitengwi na maisha ya kila siku, Wakesh si wageni sana. Sisi wenyewe hata neno la kuitenga, “dini”, tumelipata kwa Waarabu.

Mkono wa Le Guin unakuwa mzito anapofika kwa watu wa Condor, kabila la baba yake Stone Telling. Hao wana mungu mmoja, wana vita, na wanawake wao hufungiwa ndani. Wakesh kawapa ngoma, mapishi, mashairi, hata ugomvi wa majirani. Wacondor hawakupewa hata kichekesho kimoja.